Kwa nini dereva wetu aliiona taa lakini hakuliona tela



Itakumbukwa kwamba gari la mradi lilipata ajali jioni moja likitoka Turiani kuelekea Magole. Tulikuwa watu wanne ndani ya gari. Giza lilikuwa limekwisha kuingia, barabara ilikuwa kavu, na dereva alikuwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Mbele yetu ilionekana taa moja nyekundu. Sote tuliiona, si dereva peke yake, na mmoja wetu hata alisema ile ni bodaboda. Tuliendelea na mazungumzo. Kisha, ghafla, ile taa ikawa kona ya tela la trekta lililosheheni magunia ya mpunga. Dereva alikata usukani, gari likaingia mtaroni, na mwenzetu mmoja akavunjika mkono. Mwenye trekta, kijana mstaarabu, alisimama akatusaidia kutoka, akatueleza kwamba taa ya pili ya tela ilikuwa imekufa tangu wiki iliyotangulia.

Tulipokutana na kamati za sharika, jambo hili lilichukua muda mrefu kuliko taarifa ya visima. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema, "Ndugu Mratibu, mtu akiiona taa kwa macho yake na bado akataka kuivamia, huyo alikuwa amelala." Wapo waliounga mkono, na ikapendekezwa dereva aachishwe kazi. Papo hapo likazuka la pili: zile fedha kidogo ambazo wahisani walituruhusu tuzitumie kwa ajili ya usalama barabarani zitumike kwa nini? Wengine walitaka matuta, wengine vibao vya "Endesha polepole", na wachache mikanda ya kuakisi mwanga kwenye matela na baiskeli. Tuliomba muda wa kulichunguza suala lenyewe kabla ya kumhukumu mtu au kutumia fedha. Makala hii ndiyo majibu yetu.

Jicho halipimi mita

Wengi tunaamini kwamba dereva anapolifuata gari jingine huwa anapima umbali kati yao, kama fundi seremala anavyopima ubao. Sivyo ilivyo. Kwa vitu vilivyo karibu, macho mawili hushirikiana kutupa makadirio mazuri ya umbali, na ndiyo maana mama anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Lakini kwa kitu kilicho mbali barabarani msaada huo hupungua sana. Kinachobaki ni ukubwa wa kitu kinavyoonekana machoni. Gari likiwa mbali huonekana dogo, na tukilikaribia hukua.

Ugumu ni kwamba halikui kwa mwendo mmoja. Chukua gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa likilifuata trekta linalokwenda 20. Tofauti yao ni kilometa 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Umbali unapopungua kutoka mita 400 hadi 200, tela huonekana limekuwa pana mara mbili, na hilo huchukua sekunde 12. Unapopungua kutoka mita 50 hadi 25, upana huongezeka mara mbili vilevile, lakini safari hii kwa sekunde 1 na nusu tu. Kwa muda mrefu kitu kinaonekana kama kimesimama pale pale, halafu kinafumuka. Madereva wengi waliopona ajali za namna hii husema, "Lilitokea ghafla." Tumezoea kuwacheka na kudhani wanatafuta kisingizio. Kumbe wanaeleza kwa usahihi walichokiona.

Mwaka 1976 mtaalamu wa saikolojia David Lee, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alionesha kwamba dereva hahitaji hata kujua umbali wala mwendo ili ajue wakati wa kukanyaga breki. Ukichukua ukubwa wa gari la mbele unavyoonekana machoni, ukaugawa kwa kasi ambayo ukubwa huo unaongezeka, unapata muda uliobaki kabla ya kugongana, iwapo hakuna atakayebadili mwendo. Macho na ubongo hufanya kazi hiyo bila kutushirikisha. Mchezaji anayeruka kupiga mpira kwa kichwa hutegemea uwezo kama huo.

Lakini uwezo huo una mpaka wake. Ukuaji ukiwa mdogo mno, jicho halioni kwamba kuna kinachokua. Vipimo vya watafiti vinaonesha kwamba kwa kawaida dereva huanza kutambua pale ukuaji unapofika kiasi ambacho ni sawa na kutazama kitu kilicho mita 100 mbele na kukiona kikitanuka kwa sentimita 30 kila sekunde. Chini ya hapo anaona gari liko mbele, lakini hajui kama analikaribia kwa kasi au wanakwenda mwendo mmoja.

Mjerumani Rainer Wiedemann, aliyefanya kazi Karlsruhe, alijenga nadharia yake ya mwaka 1974 juu ya mipaka hiyo ya jicho. Kwa maelezo yake, anayefuata gari hashiki umbali mmoja. Anasogea polepole bila kujua, anashtuka kuwa amekaribia, anapunguza. Kisha anabaki nyuma bila kujua, anashtuka tena, anaongeza. Ni kama mtu anayemfuata mwenzake gizani kwa kushika kamba iliyolegea: hajui lolote mpaka kamba ikaze. Hadi leo zipo programu za kompyuta za kuigiza mwenendo wa magari, zinazotumiwa na wahandisi wa barabara, ambazo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Hesabu ya jioni ile

Sasa turudi kwenye tela la mpunga. Tumefanya hesabu wenyewe kwa kutumia kipimo hicho, na mwalimu yeyote wa hisabati katika sharika zenu anaweza kuirudia.

Tela lina upana wa kama mita 2. Kama upana wake wote ungeonekana, kwa mfano kwa taa mbili, moja kila kona, dereva wetu angeanza kutambua kwamba analikaribia kwa kasi akiwa mita 105 hivi nyuma yake. Huo ni karibu sawa na urefu wa kiwanja cha mpira. Angekuwa na sekunde zaidi ya 6 za kufanya uamuzi.

Lakini lililoonekana halikuwa tela. Ilikuwa taa moja yenye upana wa kama sentimita 10. Kitu chembamba hivyo huanza kuonekana kikikua pale tu unapokuwa umebakiza mita 24, yaani chini ya sekunde 1 na nusu. Sekunde 1 na nusu ndiyo muda ambao mtu mzima, aliye macho na mwenye afya, huhitaji kushtuka na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Ili apunguze mwendo hadi ule wa trekta kwenye lami kavu alihitaji takriban mita 48 kwa jumla. Alikuwa na nusu yake.

Jambo jingine ni kwamba taa moja humdanganya dereva kuhusu ni kitu gani kiko mbele. Taa moja nyekundu ni pikipiki, na pikipiki huenda kasi. Hata taa mbili, kama zimefungwa karibu karibu katikati ya tela badala ya pembeni, hulifanya lionekane kama gari kubwa lililo mbali. Taa za gari letu zisingeweza kusahihisha kosa hilo mapema. Zilikuwa zimeshushwa kwa sababu lori lilikuwa linakuja mbele yetu, na taa zilizoshushwa huonesha kitu cheusi kwa makumi machache tu ya mita, wakati gari lililo katika kilometa 80 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 70 kusimama kabisa.

Hatusemi kwamba dereva hakuwa na sehemu yake. Kilometa 80 kwa saa usiku, dhidi ya taa za lori, ni mwendo usiolingana na alichoweza kuona. Tumemwambia hivyo, naye amekubali. Lakini hakuwa amelala. Sisi watatu tuliokuwa naye tulikuwa tunatazama taa ile ile, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Ukungu, na watoto wa shule

Wenzetu wanaopanda Mgeta au Kinole wametuuliza kuhusu ukungu wa Uluguru. Hapa wataalamu hawakukubaliana mara moja. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliripoti kwamba mandhari ikififia, kasi huonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa hiyo dereva huongeza mwendo bila kujua. Mwaka 2012 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walirudia jaribio wakitumia ukungu unaofanana zaidi na ule wa kweli, ambao huficha zaidi vitu vya mbali kuliko vya karibu, wakapata kinyume chake: dereva huona anakwenda kasi kuliko kweli, naye hupunguza. Sisi tunaona jibu la pili linafanana zaidi na tunayoyaona milimani. Hatari ya ukungu, na ya vumbi katika njia za mashambani, ni nyingine: dereva hung'ang'ania taa za gari la mbele zisimpotee. Anasogea karibu mahali ambapo angepaswa kukaa mbali, kwa sababu zile taa ndizo kitu pekee anachokiona.

Kuhusu watoto, kwa kuwa shule nyingi ziko kando ya barabara, yafaa wazazi wafahamu utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha London. Uligundua kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutambua kwa uhakika kwamba gari linawakaribia ikiwa mwendo wake unazidi takriban kilometa 32 kwa saa. Uwezo wa jicho kuona ukuaji bado haujakomaa kwao. Kwa hiyo mtoto aliyeangalia kulia, akaangalia kushoto, na bado akavuka mbele ya gari, huenda alitii kila alichofundishwa.

Foleni isiyo na chanzo

Mhisani mmoja aliyetutembelea alishangaa kukuta foleni kwenye barabara hii ya Magole hadi Turiani, ambayo ina urefu wa kilometa 49 hivi na magari si mengi. Msimu wa miwa na mpunga jambo hilo ni la kawaida. Trekta linatangulia, nyuma yake fuso, kisha mabasi na Noah, na kila baada ya muda magari ya mwisho yanasimama kabisa ingawa trekta halijasimama hata mara moja. Wasafiri humlaumu mtu wa mbele.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo tungependa kila dereva alisikie. Waliweka magari 22 kwenye duara lenye mzunguko wa mita 230 na kuwaomba madereva waende mwendo wa kama kilometa 30 kwa saa, bila kuachana sana. Hapakuwa na tuta, kona, trekta wala askari. Baada ya muda mfupi foleni ilijitokeza yenyewe. Magari machache yalisimama, yakaondoka, na yaliyofuata yakasimama mahali pao, hivyo kituo hicho cha kusimama kikawa kinarudi nyuma kama wimbi, kwa mwendo wa karibu kilometa 20 kwa saa.

Chanzo ni yale yale ya jicho. Gari la kwanza linapunguza kidogo. Wa pili anachelewa kutambua, kwa hiyo inambidi akanyage zaidi. Wa tatu anachelewa kwa huyo wa pili, anakanyaga zaidi tena, na hatimaye wa kumi anasimama. Kadiri walivyobanana ndivyo kosa dogo linavyokua linapopelekwa nyuma. Aliyeacha nafasi, huyo anaweza kulimeza wimbi: anaachia mafuta tu, bila breki, na wa nyuma yake hajui kama kulikuwa na lolote.

Madereva wetu hawapendi kusikia hili, kwani wanaamini kwamba kuacha nafasi ni kukaribisha wengine wachomekee. Ni kweli watachomekea. Lakini hesabu ni hii: magari yakipishana kwa sekunde 2, njia moja inaweza kupitisha magari 1,800 kwa saa, idadi ambayo barabara yetu haikaribii hata siku ya gulio. Kubanana hakumfikishi mtu Magole mapema. Namna ya kupima ni rahisi. Gari la mbele likipita kwenye nguzo au mti, anza kusema taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukifika kwenye mti huo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Usiku na mvuani, hesabu hadi nne.

Nyuma ya lori nafasi hiyo ni muhimu zaidi. Ukifuata gari dogo unaweza kuona taa za breki za gari la tatu kupitia vioo vyake, hivyo unapata habari mapema. Nyuma ya semitrela unaona turubai tu. Madereva wetu wa malori wamebuni lugha yao ya kusaidia, indiketa ya kulia kumwambia wa nyuma asipite na ya kushoto kumruhusu, na imewaokoa wengi. Hata hivyo ni lugha ya hatari, maana indiketa hiyo hiyo ya kulia yaweza kumaanisha kwamba lori lenyewe linakata kona.

Tunachopendekeza

Matuta kwenye barabara kuu na za mkoa ni kazi ya TANROADS, na hatuna mamlaka ya kuyaweka. Vibao vya kuhimiza mwendo mdogo vinasaidia anayejua kwamba yuko hatarini. Aliyeona taa moja akadhani ni pikipiki hajui.

Kwa sababu hiyo ofisi imependekeza mikanda ya kuakisi mwanga. Mkanda huo umetengenezwa ili urudishe mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo taa za gari linalokuja huung'arisha kutoka mbali sana. Hauhitaji betri wala fundi umeme. Ukibandikwa kona hadi kona, humwonesha dereva upana wa kitu, na upana ndio ambao jicho linautumia kupima hatari. Marekani ilianza kuulazimisha kwenye matela mapya ya malori mwaka 1993. Tathmini ya serikali yao ya mwaka 2001 ilionesha kwamba magari kuyagonga matela nyuma na ubavuni gizani kulipungua kwa asilimia 29, na mahali pasipo na taa za barabarani kwa asilimia 41. Barabara yetu karibu yote ni ya aina hiyo ya pili. Aidha, tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, watu wengi zaidi hutegemea macho ya dereva gizani.

Tathmini hiyo hiyo inatoa onyo kwetu tunaoishi na vumbi na tope la majaruba. Mikanda safi ilipunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 53, michafu kwa 27 tu. Kwa hiyo anayepewa mkanda apewe na kitambaa, na kamati ikague.

Tunaomba pia ubandikaji ufuate utaratibu. Nyuma ya tela mkanda mwekundu na mweupe upite upana wote, na kona za juu ziwekewe alama. Ubavuni ubandikwe urefu wote. Kipande kimoja katikati hakifai, kwani tutakuwa tumetengeneza taa moja nyingine. Kwenye baiskeli, pamoja na alama nyekundu nyuma, vipande vidogo viwekwe kwenye pedali: kitu kinachopanda na kushuka gizani hutambulika mara moja kuwa ni mtu anayeendesha. Mikokoteni ya punda na ya mikono isisahaulike. Tela likiharibika barabarani, matawi ya miti tuliyozoea kuyatandaza yana faida mchana, lakini usiku ni meusi kama lami. Pembetatu ya kuakisi itumike, na iwekwe mbali.

Kuhusu dereva, kamati imekubali aendelee na kazi. Masharti ni mawili: gari la mradi halitazidi kilometa 60 kwa saa baada ya giza kuingia, na safari za Turiani zitapangwa ili gari liwe limefika Magole kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwenzetu aliyevunjika mkono ameondolewa plasta na amerudi kazini.

Kila usharika unaombwa kuandaa orodha ya matrekta yenye matela, mikokoteni na baiskeli za mizigo zilizo katika eneo lake, bila kujali dini ya mwenyewe, na kuikabidhi kwa mwinjilisti wa mtaa. Tutaanza na yale yanayosafiri usiku wakati wa mavuno. Trekta la yule kijana tulilikuta tena sokoni mwezi uliopita. Taa ya pili ilikuwa bado haijatengenezwa, naye alituomba awe wa kwanza kwenye orodha. Tumemwandika.